Saa za Ziwa Nyasa na Hitilafu za Maktaba za C

Mbamba Bay na Nkhata Bay zinatazamana, moja upande wa Tanzania, nyingine upande wa Malawi, na katikati ni maji ya Ziwa Nyasa. Jua huwachomozea watu wa pande zote mbili karibu wakati mmoja, lakini saa zao hazilingani. Tanzania iko saa tatu mbele ya UTC, yaani saa ya kimataifa inayotumiwa na kompyuta zote kama kipimo. Malawi iko saa mbili mbele. Ukishuka na ufukwe kwenda kusini hadi jimbo la Niassa, Msumbiji, unakuta tena saa za Malawi. Simu ya mtu wa Liuli au Mbamba Bay ikishika mnara wa jirani, na ikiwa imeachiwa ijipangie saa yenyewe, inarudi nyuma saa nzima bila mwenye simu kugusa kitu.

Chini kabisa ya kila programu inayoonyesha saa hiyo kuna fankisheni ya lugha ya C, mara nyingi ni ile iitwayo localtime. Inapewa idadi ya sekunde zilizopita tangu tarehe 1 Januari 1970, nayo inarudisha mwaka, mwezi, siku, saa na dakika za mahali ulipo. Jina lake ni lilelile kwenye Linux, Android, Windows na macOS. Inavyofanya kazi ndani ni mambo manne tofauti. Hapo ndipo zinapozaliwa hitilafu ninazotaka kuzichambua: msimbo ulioandikwa na kujaribiwa kwenye mfumo mmoja wa uendeshaji unahamishiwa mwingine, unakubali kukusanywa na kompaila bila malalamiko, kisha unatoa jibu lisilo sahihi.

Mwandishi wa maktaba huria hupokea lawama kwamba programu yake haifanyi kazi Windows, au haifanyi kazi kwenye simu, naye huongeza mistari michache ya kuishughulikia Windows au simu. Naona huko ni kutibu pasipouma. Hitilafu za namna hii karibu zote ni dhana kuhusu mahali, ambayo mwandishi hakujua kuwa ameiandika. Ufukwe huu wa mkoa wa Ruvuma, upande wa Tanzania, ni mahali pazuri pa kuziona dhana hizo, maana hapa nyingi zinavunjika kwa pamoja.

Tuendelee na saa. Kwenye Linux, kanuni za kila ukanda wa saa zimewekwa katika faili ndogo ndogo chini ya /usr/share/zoneinfo, na ya kwetu inaitwa Africa/Dar_es_Salaam. Android ina data hizohizo lakini imezibana zote ndani ya faili moja, kwa hiyo maktaba inayokwenda moja kwa moja kufungua faili la Dar es Salaam hailikuti. Windows haina saraka hiyo kabisa na ina majina yake: Tanzania imo katika E. Africa Standard Time, ilhali Malawi na Msumbiji zimo katika South Africa Standard Time. Sasa mtu anaweka jina la Africa/Dar_es_Salaam kwenye kigezo cha mazingira kiitwacho TZ, kama alivyozoea Linux, kisha anaendesha programu iliyojengwa kwa maktaba ya C ya Microsoft. Maktaba hiyo inachukua herufi tatu za mwanzo, Afr, ikiamini ndizo jina la ukanda, halafu inatafuta tarakimu. Tarakimu hakuna, basi tofauti na UTC inahesabiwa kuwa sifuri.

Linux nayo si salama. Kwenye seva iliyopunguzwa vitu hadi data za kanda za saa zikaondolewa, maktaba ya glibc haigomi. Amri ya date inatoa saa ya UTC, na mbele yake inaandika neno Africa, kana kwamba huo ndio ukanda wa saa wa bara zima. Hakuna onyo. Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Nyasa hufanya kazi usiku. Mzigo unaopimwa mwaloni kabla ya saa tisa usiku utaingia kwenye daftari la kompyuta kwa tarehe ya jana, na hesabu ya siku haitalingana na ya karatasi. Msimamizi atawashuku wapimaji kabla hajaishuku seva.

Kuna pia suala la alama ya kujumlisha na kutoa. Kiwango cha POSIX kinataka mtu aliye saa tatu mbele ya UTC aandike EAT-3 (EAT ni jina la ukanda wa saa wa Afrika Mashariki), kwa sababu kinauliza ni kiasi gani uongeze kwenye saa ya hapa ili uipate UTC. Anayeandika EAT+3, kama akili inavyomtuma, anapata saa iliyochelewa kwa saa sita. Toleo la POSIX la mwaka 2024 hatimaye limeyatambua majina ya aina ya Africa/Dar_es_Salaam, jambo ambalo mifumo mingi ilikuwa ikilifanya miaka mingi bila kulazimishwa. Ni hatua njema, ila haiifikii maktaba ya Microsoft.

Haya yanahusu saa za leo. Ukirudi nyuma ya 1970 mambo yanakuwa mazito zaidi, na kwa orodha za watu wa nchi yetu hakuna namna ya kukwepa kurudi huko, kwa sababu wazee wetu wamezaliwa huko. Chukua mtu aliyezaliwa Liuli tarehe 12 Machi 1955. Maktaba nyingi za C hutunza tarehe kwa kuigeuza kuwa sekunde, na kwa tarehe iliyotangulia 1970 idadi hiyo inakuwa hasi. Usiku wa manane wa kuamkia siku hiyo, kwa hesabu ya saa tatu mbele ya UTC, ni -467,348,400. Linux inaipokea namba hiyo bila shida. Localtime ya Microsoft inaikataa: inarudisha kielekezi kitupu, na programu isiyokagua jibu kabla ya kulitumia inaanguka papo hapo. Fankisheni ya kinyume chake, mktime, huko Windows hujibu -1 kwa tarehe kama hiyo. Na -1 kwenye Linux ni jibu halali, maana yake sekunde moja kabla ya mwaka 1970 kuanza kwa UTC. Kuanguka angalau kunaonekana. Jibu la -1 likihifadhiwa, mzee wa 1955 anageuka kuwa mtoto wa Desemba 1969 kwa UTC, au wa Januari 1970 kwa saa za Tanzania, na hakuna anayejua.

Tuseme mifumo yote miwili inakubali namba hasi. Bado kuna swali la saa gani ilikuwa inatumika Tanganyika mwaka 1955. Hifadhidata ya kanda za saa inayotumiwa na karibu mifumo yote huria ilianzishwa na Arthur David Olson miaka ya 1980, leo inaratibiwa na Paul Eggert, na tangu 2011 ipo chini ya IANA. Kumbukumbu yake ya zamani kuhusu Dar es Salaam inasema tulikuwa saa tatu mbele kuanzia 1931, kisha saa mbili na dakika 45 kuanzia 1948, kisha saa tatu tena kuanzia 1961. Lakini katika miaka ya 2010 waratibu waliamua kwamba kanda zilizofanana tangu 1970 ziunganishwe. Dar es Salaam ikawa jina jingine tu la Nairobi, na kwa kumbukumbu ya Nairobi mwaka 1955 ni saa tatu kamili. Kumbukumbu ya Dar es Salaam yenyewe ikahamishiwa kwenye faili la pembeni liitwalo backzone, ambalo kila msambazaji wa mfumo huamua kama alitumie. Debian, kwa mfano, hulitumia.

Matokeo yake yanaweza kuhesabiwa kwa kalamu. Mfumo unaofuata Nairobi unaandika ile -467,348,400. Namba inapelekwa kwenye mfumo wenye backzone, unaoamini kwamba mwaka 1955 tulikuwa saa mbili na dakika 45 mbele. Unaisoma kuwa saa 5:45 usiku wa tarehe 11 Machi. Mzee amerudishwa nyuma siku moja. Data zikisafiri upande wa pili, inasomeka dakika 15 baada ya usiku wa manane wa tarehe 12, siku haibadiliki, na hitilafu haionekani. Msanidi aliyejaribu upande huo pekee ataapa kwamba programu yake ni nzima.

Uamuzi wa kuunganisha kanda ulikuwa na sababu. Kumbukumbu nyingi za Afrika kabla ya 1970 zilichukuliwa kutoka vitabu vya marejeo visivyotaja ushahidi wake, na waratibu hawakutaka kuendelea kuzitunza kana kwamba zimethibitishwa. Ila Afrika iliguswa mapema, na mwaka 2021 uunganishaji ulipotaka kuzigusa Norwei na Uswidi kelele zikawa kubwa. Eggert alijitetea kwa hoja ya usawa: kama Angola na Nijeri zimeunganishwa na Lagos, kwa nini Ulaya iwe na kanuni nyingine? Hoja hiyo ni ya haki, lakini naona usawa wa kupoteza wote kumbukumbu ni wa kiwango cha chini. Kumbukumbu za Nairobi zilisahihishwa mwaka 2020 kwa kusoma magazeti rasmi ya serikali ya kikoloni. Gazeti la Serikali ya Tanganyika nalo lilichapishwa, na sheria za saa zilitangazwa humo. Mwanafunzi wa historia anayejua kulisoma anaweza kulimaliza suala la 1948 hadi 1961 vizuri zaidi kuliko mwanaprogramu yeyote, na marekebisho yake yatafika kwenye kompyuta za dunia nzima.

Hata hivyo, ushahidi ukipatikana hautaondoa kosa la msingi. Tarehe ya kuzaliwa si dakika fulani ya ulimwengu. Ni siku kwenye kalenda. Maktaba inayoipokea kama mwaka, mwezi na siku, na kuitunza hivyohivyo, haihitaji kujua Dar es Salaam ilikuwa saa ngapi mwaka 1955, wala haijali Windows inakataa nini. SQLite, hifadhidata iliyoandikwa kwa C na iliyomo ndani ya kila simu ya Android, ilichagua njia ya kati: kwa kuwa localtime kwa kawaida huaminika kati ya 1970 na 2037 tu, mwaka ulio nje ya hapo unabadilishwa kwa muda kuwa mwaka unaolingana nao ndani ya kipindi hicho, hesabu inafanyika, kisha mwaka unarudishwa. Jibu la 1955 linatoka kwa kanuni za sasa, lakini halitegemei backzone imo au haimo. Kwa daftari linalosafiri kati ya mashine nyingi, ulinganifu huo una thamani kubwa.

Kutoka saa twende kwenye namba, ambako mpaka wa Msumbiji unatufundisha kitu kingine. Mbamba Bay iko takribani digrii -11.28 za latitudo na 34.77 za longitudo. Fankisheni ya strtod husoma maandishi hayo na kuyafanya namba, lakini hufuata desturi ya lugha iliyowekwa kwenye kompyuta. Kireno kinatenga desimali kwa mkato, si nukta. Kompyuta ya Kireno ikipewa -11.28 inasoma -11, inakuta nukta isiyoitambua, inasimama hapo. Longitudo inakuwa 34. Kijiji kimehama kilomita zipatazo 90, kimevuka ziwa lote, kimeangukia milimani kaskazini mwa Malawi. Ramani itachorwa vizuri bila ujumbe wowote wa kosa.

Programu ya C huanza ikiwa katika desturi isiyo ya nchi yoyote, yenye nukta, na maktaba ikijaribiwa peke yake inapita. Hitilafu huja pale programu mwenyeji, kwa mfano iliyojengwa kwa Qt au GTK kwenye Linux, inapoita setlocale na kubadilisha desturi ya mchakato mzima, maktaba zote zilizomo ndani yake zikiwemo. Anayejaribu kwa Kiingereza au kwa Kiswahili cha Tanzania hataiona kamwe, kwa kuwa vyote vinatumia nukta. Kiswahili cha Kongo, katika data za CLDR zinazotumiwa na mifumo mingi, kinatumia mkato. Kwa hiyo hata kusema tumejaribu kwa Kiswahili hakutoshi. Dawa iliyozoeleka ni maktaba kuwa na kisomaji chake cha namba kisichojali desturi ya nchi. GDAL, maktaba ya data za ramani iliyo ndani ya programu ya QGIS, ina CPLAtof. GLib ina g_ascii_strtod. Ni sahihi kabisa, maana namba iliyo ndani ya faili imeandikwa ili isomwe na mashine, na desturi ya uandishi ya mtu anayeketi mbele ya kioo haihusiki nayo.

Majina ya faili yana hadithi inayofanana na hiyo. Maandishi ya Kiswahili hayahitaji herufi zaidi ya zile za ASCII, ndiyo maana wasanidi wetu wanaweza kukaa miaka bila kukutana na tatizo. Mpe mmoja faili liitwalo Cóbuè.csv, kwa jina la mji ulio kando ya ziwa hilohilo upande wa Msumbiji. Fopen ya Windows kwa kawaida haisomi jina hilo kama UTF-8, hivyo hailipati faili lililopo mbele yake. Diski za Mac za mfumo wa HFS+ hulihifadhi jina baada ya kuitenganisha herufi na alama yake ya juu, na ulinganishaji wa baiti kwa baiti unashindwa. Na Mbinga.csv na mbinga.csv ni mafaili mawili Linux, faili moja Windows.

Mengine nayapitia haraka. Aina ya char ina alama ya hasi kwenye kompyuta za Intel, haina kwenye simu nyingi za Android zenye ARM. Kitanzi kinachongoja char ilingane na -1 ndipo kisimame kitazunguka milele kwenye simu. Aina ya long ni biti 64 kwenye Linux ya biti 64, lakini biti 32 kwenye Windows hata ya biti 64, na ftell hurudisha long, kwa hiyo faili la picha za setilaiti linalozidi gigabaiti mbili halipimiki. Halafu kuna fankisheni zenye jina moja na mpangilio tofauti wa vitu vinavyopokelewa: qsort_r ya GNU na ile ya asili ya BSD, localtime_s ya Microsoft na ile ya kiwango cha C11. Hizi ndizo zinazoniudhi zaidi, kwa sababu zilianza kama juhudi za kuleta usalama.

Marekebisho yenyewe hufanywaje? Njia ya zamani ni kutawanya #ifdef ndani ya msimbo: kama ni Windows fanya hivi, kama ni Linux fanya vile. Mwaka 1992 Henry Spencer na Geoff Collyer waliandika kuipinga, na hoja yao ingali hai. Jina la mfumo halikuambii mfumo unaweza nini. Linux yenye glibc na Linux yenye musl, maktaba nyingine ya C, zinatofautiana, na watunzaji wa musl wamekataa kwa makusudi kuweka makro ya kuitambulisha, ili watu wapime uwezo badala ya kuuliza jina.

Kupima uwezo ndiyo kazi ya Autoconf, iliyoanzishwa na David MacKenzie mwaka 1991: kabla ya kujenga programu, hati ya configure inajaribu kama fankisheni fulani ipo na inafanya kazi ipasavyo. Ni njia bora kimantiki, lakini imekua ikawa msitu wa makro ambao wachache huusoma. Machi 2024 Andres Freund aligundua mlango wa siri ndani ya matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, maktaba ya kubana data. Sehemu ya kuuwasha ilikuwa imefichwa kwenye faili build-to-host.m4, makro ya uhamishaji yenye jina la kawaida kabisa, ndani ya kifurushi cha usambazaji ilhali kwenye hazina ya msimbo haikuwepo. Aliyeificha alijua kwamba hakuna anayekagua mambo ya uhamishaji.

Kwa hiyo naegemea njia ya tatu, iliyofuatwa na OpenSSH. Msimbo mkuu unaandikwa kana kwamba dunia ina mfumo mmoja ulio kamili, OpenBSD, na upungufu wa mifumo mingine unajazwa katika saraka moja iliyotengwa, openbsd-compat. Anayetaka kukagua anajua pa kuangalia. Gnulib inafanya kazi ya namna hiyo kwa miradi ya GNU. Curl, inayokimbia kwenye mifumo zaidi ya 100, ina hata kisomaji chake cha tarehe badala ya kutegemea cha mfumo. Gharama ipo: kila kitu unachojiandikia ni mzigo wako wa kukitunza. Kwa mambo yaliyokwisha kukubaliwa ni bora kungoja kiwango. C23 hatimaye imeiingiza timegm, iliyokuwa ikiandikwa upya na kila mradi kwa makosa yaleyale.

Linabaki suala la nani ajaribu. Mashine za bure za majaribio ambazo miradi huria hutumia kwa wingi ni Linux, Windows na macOS mpya, zenye UTC, Kiingereza na intaneti isiyokatika. Kijana wa Mbinga mwenye simu ya Android ya bei ya chini na programu ya Termux ana mfumo ambao mashine hizo hazina: maktaba ya C ya bionic, kanda za saa katika faili moja, hakuna /tmp, mara nyingine biti 32. Programu ikimgomea, asiishie kuirekebisha kwenye nakala yake na kuwagawia marafiki kwa WhatsApp. Apunguze kosa hadi mistari kumi inayolionyesha, ataje toleo la Android na aina ya prosesa, aeleze alitarajia nini na amepata nini, na aupelekee mradi mama. Asipofanya hivyo, toleo lijalo litalirudisha kosa lilelile, naye ataanza upya kwa bando lake mwenyewe.

Simu hizo za biti 32 zina tarehe yao. Sekunde zinazohesabiwa tangu 1970 zitajaza biti 32 tarehe 19 Januari 2038, saa 12:14 asubuhi kwa saa za Tanzania, saa 11:14 kwa Malawi. Musl ilipanua hesabu hiyo mwaka 2020, glibc ikatoa njia mwaka 2021, Debian ikajenga upya vifurushi vyake mwaka 2024. Bionic ya biti 32 haikubadilishwa, maana ingevunja programu zote zilizokwisha kujengwa. Mkopo wa miaka 15 unaosainiwa leo unaisha baada ya tarehe hiyo, na programu ya simu inayogeuza siku ya rejesho la mwisho kuwa time_t inaikosea tayari.